Pengwini wa Chumba cha Mbele

“Rudisha kama ilivyokuwa!”

“Ilivyokuwa vipi? Na virusi wake?”

“Na virusi wake! Wale nilikuwa nimeshawazoea. Walikuwa wanakula, lakini walikuwa wananiachia nichape!”

Injinia akacheka, na hilo likawa kosa lake la kwanza siku hiyo. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, kibodi moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, nyaya zikining'inia kama miguu ya kuku waliofungwa tayari kwa soko. Mtu aliyeshika kibodi mbili ambazo zote hazimsaidii si mtu wa kuchekewa.

“Cheka. Saa sita mchana Mwalimu Mkuu anakuja kuchukua mtihani wake. Saa sita na dakika moja tutacheka wote.”

Mtaa mzima ulimwita Mama Chapa. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka: kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi iliyokohoa kila asubuhi kabla ya kuamka, benchi la wateja, na ukutani, ndani ya fremu ya kioo, stashahada yake ya uhazili. Alikuwa anachapa haraka kuliko watu wanavyosema, na bila kutazama vidole. Mumewe aliitwa Injinia, ingawa kazi yake halisi ilikuwa kutengeneza mafriji. Jina alipewa na wateja kwa utani, yeye akalipokea kwa dhati.

Jumapili, mkewe alipotoka kwenda kumjulia hali mgonjwa, Injinia aliufuta mfumo wa zamani wa kompyuta na kuweka mpya. Mama Chapa aliporudi alikuta kioo kimebadilika rangi, vitufe vimehama, na pembeni mwa kompyuta kibandiko cha pengwini mnene, ndege wa nembo ya mfumo mpya, amekaa kitako kama mtu aliyeshiba kwenye nyumba ya wengine.

Leo ilikuwa Jumatano.

“Mke wangu, sikiliza. Ule mfumo wa zamani ulikuwa wa wizi. Nakala ya nakala ya nakala, kutoka kwa Flashi, yule fundi kompyuta wa mtaani. Huu ni mfumo huria. Hauna mwenyewe. Umetengenezwa na watu wa dunia nzima, bure, wanasaidiana.”

“Basi waite hao watu wa dunia nzima waje wachape mtihani wa darasa la sita.”

“Lakini kuchapa si ulishachapa? Kilichobaki ni kutoa kwenye printa tu.”

“Kutoa tu! Mtu akibanwa na choo, si kilichobaki ni kutoa tu?”

Kutoka kwenye kona, juu ya kiti cha plastiki, kikasikika kicheko kikavu. Mama yake Injinia alikuwa pale anafuma kofia ya kichanga. Alikuwa mkunga mstaafu. Alikuja kukaa wiki mbili, na huu ulikuwa mwezi wa nne. Hakuwahi kugusa kompyuta maisha yake yote mpaka Jumapili ile mwanawe alipomwonyesha mchezo wa karata.

“Hata mama anautumia!” Injinia akasema, kana kwamba amepata shahidi.

“Mama anacheza karata! Mimi natafuta riziki!”

“Wanangu,” mkunga akaanza, “hiyo printa…”

“Mama, subiri kidogo,” wakasema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu Jumapili.

Mkunga akarudi kwenye kofia yake.

*

Ugomvi wa kibodi ulianza Jumatatu. Injinia alikuwa kwenye friji la watu, mkewe akampigia simu kwamba kompyuta haioni printa. Akamwambia afungue dirisha jeusi la kuandikia amri, aandike maneno fulani, kisha aandike nywila, maana bila nywila dirisha lile halitii.

“Nikaandika,” Mama Chapa alimkumbusha sasa, maana hakuwa ameridhika na mara tatu alizomkumbusha jana. “Halikutokea neno. Nikaandika tena. Haikutokea hata nukta! Nikasema kibodi imekufa. Nikamwita Flashi, akaigonga, akainusa, akasema imekufa. Nikanunua ya pili kwake. Nikaandika. Kimya!”

“Si nilikwambia, kwenye dirisha jeusi nywila haionekani unapoiandika?”

“Uliniambia jioni, uliporudi kuiunganisha printa! Kibodi nilinunua asubuhi!”

“Ni usalama, mke wangu. Inakuficha neno la siri.”

“Inanificha mimi? Neno nimeliandika kwa vidole vyangu, linifiche mimi niliyeliandika? Hata mwizi hujua alichoiba.”

Injinia alimpa mgongo. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akafungua dirisha jeusi. Hapo ndipo alipokuwa mtu mwingine: mgongo ulinyooka, vidole vikawa vya mpiga kinanda, na mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo kama mvua. Kwa mkono wa kushoto alishika simu, anasoma ushauri wa watu asiowajua juu ya printa asizozijua.

Mteja pekee aliyekuwa kwenye benchi, dereva wa lori anayetafuta kazi na aliyekuwa anasubiri wasifu wake wa ukurasa mmoja tangu jana mchana, akanyoosha shingo.

“Vipi, mkuu? Tatizo nini?”

“Tatizo ni dereva.”

“Mimi? Mimi nimekaa tu hapa.”

“Dereva wa printa, ndugu. Ni programu.”

“Aha,” dereva akasema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshazoea kulaumiwa.

Katikati ya kioo kikaibuka kisanduku cheupe chenye maandishi. Mama Chapa aliinama juu ya bega la mumewe, akashika kipanya, na kabla kisanduku hakijamaliza kuibuka akawa ameshakifunga. Miaka kumi na moja ya mfumo wa Flashi ilimfundisha jambo moja juu ya visanduku: vyote ni vya uongo. Kimoja kinasema umeshinda gari. Kingine kinasema kompyuta yako iko hatarini, bonyeza hapa uokolewe. Mwanamke mwenye kazi zake anafunga mlango, haulizi nani anabisha. Kisha akafanya alichokuwa akifanya tangu jana: akaenda kwenye mtihani, akaamuru uchapwe. Printa ikapepesa taa yake ya njano, ikanyamaza.

“Unaona? Inanikonyeza tu.”

“Usiamuru tena, utanichanganya. Nipe dakika kumi.”

“Dakika kumi zako nazijua. Friji la mwenye bucha ulisema dakika kumi, nyama ikaoza.”

*

Mwalimu Mkuu aliingia saa nne, kabla ya wakati, mkoba mkubwa mabegani, nyuma yake kijana wa mkokoteni na marimu sita ya karatasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi uwanja wa mpira.

“Shikamoo, mama,” akamsalimu mkunga kwanza. “Marahaba, mwanangu,” mkunga akaitikia. Kisha Mwalimu kwa wengine: “Hamjambo. Umeshatoa, Mama Chapa? Nikae nisubiri fotokopi?”

Mama Chapa alifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji wala wino.

“Mtihani uko tayari kabisa, Mwalimu. Umechapwa wote, masomo yote saba. Umo humo ndani.”

“Humo ndani.”

“Ndiyo.”

“Na mimi niko huku nje. Tutakutana vipi?”

Dereva akakohoa kuficha kicheko. Injinia, bila kugeuka, akaanza kueleza habari za programu huria, na jinsi dunia nzima inavyosaidiana. Mwalimu Mkuu alimsikiliza kwa heshima aliyowasikilizia wazazi wa watoto watoro.

“Baba,” akasema alipomaliza, “miaka ile tulikuwa tunaandika mtihani ubaoni. Chaki haikuwahi kuniuliza neno la siri.” Akamgeukia Mama Chapa, akashusha sauti, na sauti iliyoshushwa ikaumiza zaidi. “Hivi wewe si ulisomea mambo haya? Ile ukutani si yako?”

Kila mtu chumbani akatazama stashahada. Hata printa ilionekana kuitazama.

“Ni yangu, Mwalimu.”

“Basi? Kesho saa mbili asubuhi watoto wanakaa. Ningeweza kuuchukua kwa flashi nikautoe kwa wale Mapacha ng'ambo ya barabara, lakini unajua kilichotokea mwaka juzi. Mtihani ulilala kwa Mapacha usiku mmoja, asubuhi hata mtoro wa darasa alipata tisini na nane. Ndiyo maana nikahamia kwako. Nilisema: kwa Mama Chapa mtihani hautoki nje ya mashine mpaka nione kwa macho yangu. Saa sita nisipopata karatasi, nakwenda kuandika ubaoni, na muhula ujao nitatafuta mtu mwingine. Usinielewe vibaya. Nakupenda, lakini nina watoto mia tatu.”

Akakaa kwenye benchi karibu na dereva, mkoba magotini, akatoa saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya mkoba, uso wake ukitazama chumba.

Mama Chapa hakuhitaji kuambiwa maana yake. Wasifu wa madereva na barua za kuomba ruhusa vilileta mboga, lakini shule ndiyo iliyolibeba duka. Shule ikivuka barabara kwenda kwa mtu mwingine, chumba cha mbele kingerudi kuwa sebule, na yeye angerudi kuwa mtu anayeuliza mumewe kama friji la leo limelipwa.

Akatoka uani, akapiga simu.

*

Flashi alifika baada ya robo saa, akinukia marashi, shingoni amening'iniza flashi zake kama waganga wanavyoning'iniza hirizi. Hakuna kompyuta mtaa ule ambayo mkono wake haukuipitia.

“Shikamoo bibi. Shemeji, hujambo? Injinia, kaka! Nasikia umeleta ndege ndani ya nyumba.”

Injinia akageuka taratibu. “Nani amemwita huyu?”

“Mimi,” mkewe akasema.

“Mke wangu!”

“Ulisema dakika kumi. Zimepita sabini.”

Flashi akamtazama pengwini pembeni ya kompyuta, akatikisa kichwa kwa huruma ya daktari.

“Kaka, mimi nauheshimu mfumo huu. Lakini si wa watu wa kawaida. Huu ni wa wataalamu, watu wenye miwani. Lazima ujue kodi za programu, ujue mambo ya ndani. Shemeji ni mhazili, unampa ndege aendeshe?”

“Si lazima ujue kitu!” Injinia akapiga meza. “Hiyo ni propaganda. Mtoto mdogo anaweza kuutumia.”

“Basi wewe tangu asubuhi unafanya nini humo kwenye giza?”

“Mimi nau… nauboresha.”

“Kaka yangu anauboresha,” Flashi akaliambia benchi. “Shemeji, dakika arobaini tu. Naweka flashi, nafuta kila kitu, narudisha ule wako wa zamani. Utaamka kama zamani.”

“Unafuta kila kitu?” Mwalimu Mkuu akauliza kutoka kwenye benchi.

“Kila kitu, mama. Safi kama sahani.”

“Na mtihani wangu?”

“Aa, huo tunautoa kwanza. Naukopi hapa kwangu,” akainua moja ya hirizi zake, “halafu naurudisha.”

Mama Chapa aliitazama flashi ile ikibembea. Alijua ilikotoka na inakokwenda: jana ilikuwa kituo cha afya, juzi kwenye baa, kesho kwa Mapacha. Mwalimu Mkuu naye alijua. Alianza kufunga zipu ya mkoba wake, jino moja moja, na mlio wa zipu ile ulikuwa ndio mlio wa shule ikivuka barabara.

“Mtihani hautoki nje ya mashine hii,” Mama Chapa akasema.

“Basi shemeji, uchague. Huwezi kula muwa na kuutunza.”

“Nipe dakika tano!” Injinia akalia. “Nimepata mtu kwenye mtandao, alikuwa na printa kama hii hii, ila yake ilikuwa ya rangi…”

“Toka kwenye kiti, kaka.”

“Sitoki.”

“Shemeji, mwambie atoke.”

Mama Chapa akafumba macho. Alikuwa na saa moja na dakika ishirini, mume upande mmoja, mwizi mwenye adabu upande mwingine, na mbele yake mteja anayefunga zipu. Akafungua mdomo kusema “Toka,” na angesema, na historia ya chumba kile ingekuwa nyingine, kama mkunga hangeweka sindano zake za kufumia chini, kwa mlio.

“Mnataka kumpasua,” mkunga akasema, “na hata hamjamwuliza maumivu yako wapi.”

*

Alisimama, akavaa miwani, akaja polepole hadi kwenye meza. Mtoto wa mtu akiwa na miaka arobaini na minne bado ni mtoto: Injinia alitoka kwenye kiti bila kuambiwa. Mkunga akakaa, akavuta kiti mbele, akaweka mikono yote miwili mapajani. Hakugusa kitu.

“Bibi,” Flashi akasema kwa upole, “hii si karata.”

“Naona si karata. Mkwe wangu, amuru lile jambo lako.”

Mama Chapa akainama, akaamuru mtihani uchapwe. Taa ya njano ikapepesa. Kisanduku cheupe kikaibuka, na mkono wa Mama Chapa ukarukia kipanya. Mkunga akaushika mkono ule hewani, kwa namna alivyoishika mikono ya wanawake mia kadhaa waliotaka kusukuma kabla ya wakati.

“Subiri. Kina kauli, kiache kiseme.”

Akasogeza miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma barua ya ndugu wa mbali:

“‘Printa imesitishwa kwa sababu karatasi ziliisha. Ukishaweka karatasi, bonyeza Endelea. Kazi kumi na tisa zinasubiri.’”

Shingo zote zikageukia trei ya printa.

“Karatasi nimeweka,” Mama Chapa akasema hatimaye, sauti ndogo. “Jana. Ziliisha jana mchana, nikaweka.”

“Uliweka. Hukuiambia. Yenyewe inakungoja useme endelea.”

“Na imeandika hivyo tangu lini?”

“Tangu jana. Kila mkikifunga, kinarudi. Mimi kikija kwenye karata zangu nakisogeza pembeni, nacheza. Nilidhani mnakisoma. Nikasema, watu wa stashahada wana sababu zao. Leo asubuhi nikataka kuwaambia, mkasema nisubiri kidogo.”

Mama Chapa alikitazama kisanduku. Maneno yalikuwa meusi juu ya weupe, Kiswahili kitupu, cha kusomwa na mtu yeyote aliyemaliza darasa la nne. Chuoni alijifunza kompyuta kwa Kiingereza, na kusema kweli hata hicho hakukisoma. Vidole vyake vilijifunza njia kama punda anavyojifunza njia ya kisimani. Injinia alipoweka mfumo mpya alichagua lugha ya nyumbani kwa fahari, na tangu Jumapili mkewe alikuwa anazunguka humo akitafuta mahali pa zamani, bila kusoma bango hata moja.

“Na wewe?” akamgeukia mumewe. “Wewe mwenye mfumo? Wewe hukuona?”

Injinia akakuna kisogo. “Mimi nilikuwa kwenye dirisha jeusi. Hiki kilikuwa kinanizibia, nikawa…”

“Ukawa unakifunga.”

“Ukawa unakifunga,” akarudia Mwalimu Mkuu kutoka kwenye benchi, na kwa sauti ile Injinia alihisi yuko darasa la sita.

“Haya,” mkunga akasema. “Njia imefunguka. Sukuma.”

Mama Chapa akabonyeza Endelea.

Printa ikashtuka, ikavuta pumzi, na ikaanza kuzaa. Ukatoka wasifu wa dereva. Ukatoka tena. Ukatoka mara sita mfululizo, maana jana kila alipouliza “vipi, mama?” Mama Chapa alikuwa ameamuru upya. Dereva alizipokea moja moja kwa mikono miwili, amejaa furaha.

“Basi naomba kazi kampuni sita!”

Kisha ikatoka karatasi yenye michoro ya pembetatu, ikaanguka sakafuni, ikateleza hadi miguuni pa Flashi, uso juu. Mwalimu Mkuu aliruka kutoka kwenye benchi kwa wepesi usiolingana na cheo chake.

“Hisabati! Geukeni! Geukeni ukutani wote!”

Flashi akageuka. Dereva akageuka na wasifu wake sita. Injinia akageuka pia, maana ile sauti haikuwa na msamaha kwa mwenye nyumba. Wanaume watatu wakasimama wamekabili ukuta kama watoto waliochelewa kengele, huku Mwalimu Mkuu amefunika printa kwa mwili wake, anadaka hisabati kwa mkono mmoja na sayansi kwa mwingine.

“Inatoa hisabati mara ya pili! Mara ya tatu! Mama Chapa, izuie, karatasi zinaisha!”

“Injinia,” Flashi akanong'ona kwa ukuta, “chomoa umeme.”

“Asichomoe mtu kitu!” Mama Chapa akasema. Safari hii hakurusha mkono. Akavuta kiti karibu na mama mkwe wake, akasogeza uso kwenye kioo, na akasoma. “‘Orodha ya kazi.’ Naona. Hisabati, hisabati, hisabati… ‘Chagua kazi.’ Nimechagua zilizojirudia. ‘Ghairi.’ Mama, nikighairi haitafuta mtihani wenyewe?”

“Kimeandika nini?”

“‘Kazi zilizochaguliwa zitaondolewa kwenye foleni. Faili zako hazitaguswa.’”

“Sasa unaniuliza mimi nini?”

Akabonyeza Ghairi. Printa ikatulia, ikafikiri, ikaendelea: sayansi moja, lugha moja, jiografia moja, kwa adabu, kama watu waliojipanga mstari wakaelezwa utaratibu.

Mashine ya fotokopi ilikohoa ikaamka. Saa sita kasoro dakika nane Mwalimu Mkuu alikuwa amefunga vifurushi vyake kwa kamba, amevihesabu mara mbili, na amevipandisha kwenye mkokoteni. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya mkunga.

“Mama, wewe umesomea wapi?”

“Wodi ya wazazi.”

“Muhula ujao nitaleta na fomu za maendeleo ya wanafunzi,” akamwambia Mama Chapa. “Mia tatu. Lakini nikija, nataka kumkuta huyu mama hapa.” Akaondoka, na wanaume wakaruhusiwa kugeuka.

*

Dereva aliaga, wasifu wake kwapani. Flashi alibaki akichezea hirizi zake.

“Basi shemeji, niurudishe ule wa zamani au vipi? Leo umebahatisha. Kesho je?”

“Kesho nitasoma tena. Chukua kibodi yako,” Mama Chapa akasema, akamtia mkononi. “Nzima. Na ile ya kwanza nzima. Uliigonga, ukainusa, ukaizika ikiwa hai. Nitakuja baadaye tuongee habari ya kilichonitoka mfukoni. Nisalimie Mapacha.”

Flashi alikwenda. Mama Chapa akadhani siku imekwisha. Kisha akasikia mlio anaoujua. Injinia alikuwa amerudi kwenye kiti, mgongo umenyooka, kwenye kioo dirisha jeusi, mistari imeanza kunyesha.

“Unafanya nini?”

“Kidogo tu. Unaona sasa mfumo ulivyo mzuri? Si nilisema hauhitaji utaalamu? Sasa kuna toleo jipya limetoka wiki hii, nataka nilijaribu, na nimemwona mtu mmoja ameibadilisha printa yake ikawa…”

“Inafanya kazi.”

“Inafanya, lakini inaweza kufanya…”

“Inafanya kazi, baba. Tangu Jumapili haijawahi kuharibika ila kwa mikono yetu. Yangu ya kufunga, na yako ya kufungua.”

Akamtazama mama mkwe, aliyekuwa ameshaokota kofia yake ya kichanga na anatafuta mshono alipoishia. Mkunga akainua macho, akainua na nyusi. Mama Chapa akaamua.

“Injinia wangu,” akasema, kwa upole ambao ungemtisha mtu makini zaidi, “hebu nionyeshe mahali pa kubadilisha nywila.”

Uso wa mumewe ukang'aa. Siku nne alikuwa amengoja mkewe aulize swali moja tu la dirisha jeusi. “Kumbe unataka kujifunza! Rahisi sana. Unaandika neno hili hapa. Haya. Sasa inakuuliza nywila ya zamani, ile niliyokupa. Halafu mpya. Halafu mpya tena, kuhakikisha.”

“Nimeelewa. Inuka nikae.”

Akainuka.

“Sasa geuka ukutani.”

“Mimi?”

“Nani mwingine amebaki?”

Injinia akageuka. Mbele ya pua yake ilikuwa stashahada ya mkewe. Miaka kumi na moja ameipita kila siku, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, akaanza kuisoma: jina la chuo, kasi ya kuchapa, daraja la kwanza. Daraja la kwanza? Hakujua.

Nyuma yake alisikia vitufe vikipigwa haraka, mfululizo, bila kusita. Kwenye kioo halikuonekana neno, haikuonekana hata nukta, na Mama Chapa hakujali. Vidole vilijua vimeandika nini. Akarudia mara ya pili, akasubiri, akasoma hadi mwisho kilichoandikwa: nywila imebadilishwa. Akalifunga dirisha jeusi. Kisha akainama kwenye sikio la mama mkwe wake, akamnong'oneza neno moja, na mkunga akacheka mpaka sindano zikamdondoka.

“Umeweka neno gani?” Injinia akauliza ukuta.

“Halionekani,” mkewe akasema. “Ni usalama. Haya, chukua mfuko wako wa spana, friji la watu linakusubiri.”